Kidole cha Bi Hamida

Mzee Revelian alikuja Dar es Salaam kukagua kazi. Hakuja kukagua nyumba, wala tabia ya kijana, wala ukoo wake huko Masasi. Hayo yote aliyaulizia kwa simu akaridhika. Alichotaka kukiona kwa macho yake ni hiyo kazi ambayo Cyprian, mchumba wa binti yake Felicitas, alidai inamlisha. Posa ilikuwa imeshapelekwa Bukoba, na jibu lililorudi lilikuwa fupi. Mzee anakuja, ataiona kazi, kisha atasema ndiyo au hapana. Ikiwa hapana, anarudi kwake na binti yake.

Mtu asiyemjua angesema mzee ana makuu. Lakini Revelian alikuwa karani wa kiwanda cha kahawa mpaka akastaafu, na hapo kiwandani ndiye aliyekuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi, kwa hiyo habari ya kazi hakuichukulia kama mimi na wewe tunavyoichukulia. Kwake yeye kazi ilikuwa na saa ya kuingia, saa ya kutoka, bosi wa kulalamikiwa na chai ya saa nne. Kitu kisichokuwa na hayo alikiita shughuli, na binti yake hakusomeshwa ualimu ili akaolewe na shughuli.

Felicitas na Cyprian walipanga Kinyerezi, upande ule ambao mitambo ya gesi inanguruma mchana kutwa na usiku kucha, mpaka mtu akienda kulala kwingine anakosa usingizi. Jioni aliyofika, mzee alisimama barazani akaitazama mitambo ile kwa muda mrefu.

"Pale wanafanya nini?"

"Wanafua umeme, baba," alisema Felicitas.

"Hiyo ni kazi," alisema mzee, akaingia ndani.

Mezani alisubiri ndizi zipoe kidogo, ndipo akamgeukia Cyprian, kijana mrefu mwenye mabega mapana ambaye siku hiyo alikaa kama mtu anayeogopa kuvunja kiti.

"Nieleze taratibu, kijana. Ukifika kazini unafanya nini?"

"Nacheza kriketi, baba. Mie ni mpigaji. Naingia wa kwanza."

"Wa kwanza kufika?"

"Wa kwanza kuingia uwanjani. Wenzangu wanasubiri nje."

"Wanasubiri nini?"

"Wanasubiri nitoke."

Mzee alitafuna, akameza. "Na unazalisha nini?"

"Mikimbio, baba."

"Ikishazalishwa inapelekwa wapi?"

Cyprian alimtazama Felicitas. Felicitas akatazama ndizi. "Inaandikwa ubaoni," alisema Cyprian.

"Na mshahara?"

"Napata kila mwisho wa mwezi, baba, sijawahi kukosa. Klabu ni ya kampuni ya magodoro."

"Basi unauza magodoro."

"Hapana, baba."

"Ungekuwa unauza magodoro tungekuwa tumeshamaliza," alisema mzee, bila ubaya wowote, akaomba chumvi.

Usiku Cyprian alimwambia Felicitas asijali. Jumamosi kuna mechi Mikocheni, mzee atakuja, na yeye atasimama pale katikati apige mpaka jua lizame. Mtu akishaona hivyo hawezi tena kusema siyo kazi. Felicitas alimwamini, maana msimu huo Cyprian alikuwa akipiga vizuri kuliko wote, na alitaka sana kumwamini.

*

Jumamosi mzee alivaa koti lake la kahawia, akafuatana na Felicitas hadi Mikocheni. Mdogo wa mzee, Kamugisha, anayeuza ndizi Buguruni, alifunga genge akaungana nao, kwa sababu ukaguzi wa mkwe haufanywi na mtu mmoja. Uwanja wenyewe umebanwa kati ya kiwanda cha biskuti na ukuta wa ghala, kwa hiyo kriketi ya hapo inachezwa ndani ya harufu ya vanila. Kamugisha alikaa kwenye kiti cha plastiki, akavuta hewa, akasema mazingira ya kazi si mabaya.

Cyprian alipotoka kwenda kupiga, aliwapungia kile kibao chake chenye mpini. Miguuni alikuwa amefunga zile kinga nene za kuzuia mpira, kichwani helmeti.

"Mbona kavaa magodoro miguuni?" aliuliza Kamugisha.

"Si wamesema kampuni ni ya magodoro," alijibu mzee. "Na wale waliotawanyika kote kule?"

"Ni timu pinzani, baba. Wanazuia mpira," alisema Felicitas.

"Wote wale, dhidi ya Cyprian?"

"Na mwenzake mmoja kule ng'ambo."

Mzee alitikisa kichwa. "Ikama mbaya sana."

Kisha akamwona Bi Hamida. Bi Hamida alikuwa mwalimu wa michezo mstaafu, mwanamke mfupi mwenye mtandio chini ya kofia pana, na siku hiyo ndiye aliyekuwa mwamuzi. Wachezaji walipokuwa wakijiandaa walimkabidhi kofia zao na miwani yao, naye akazipokea akazipachika kichwani na kiunoni mpaka akawa anafanana na duka. Mzee akafurahi. "Huyo ndiye bosi," alisema. "Ona anavyotunza mali za wafanyakazi."

Mrushaji wa timu pinzani alikuja anakimbia kutoka mbali kama mtu aliyeona mwizi. Mpira ukatua, ukapinda, ukampiga Cyprian mguuni, kwenye kinga, mbele kabisa ya vile vijiti vitatu anavyotakiwa kuvilinda. Ulikuwa mpira wa kwanza wa siku. Wale wote waliotawanyika wakamgeukia Bi Hamida kwa pamoja, mikono juu, wakipiga kelele wakidai atolewe. Bi Hamida akawaacha wapige. Akatazama vijiti, akatazama mguu, akafikiri. Halafu akanyanyua kidole kimoja. Cyprian alikiweka kibao kwapani akaanza kutoka.

"Anakwenda wapi?" aliuliza mzee.

"Ametolewa, baba."

"Kwa kosa gani?"

"Mpira umempiga mguuni."

"Nani kampiga?"

"Yule mrushaji."

"Na yule aliyempiga mwenzake amepewa adhabu gani?"

Felicitas alijua kabisa haya maneno yanakoelekea, ila jibu jingine hakuwa nalo. "Wanampongeza, baba."

Mzee Revelian alisimama. Kamugisha naye akasimama, kwa sababu kaka yake amesimama. "Nimeona watu wakifukuzwa kazi," alisema mzee, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeumia. "Nimeona waliofukuzwa kwa ulevi, kwa wizi wa magunia, na mmoja kwa kumng'ata msimamizi. Sijawahi kuona mtu anaumia kazini, wenzake wanamshtaki kwa makelele, bosi anamfukuza kwa kidole, naye anaondoka bila hata kuuliza barua ya onyo iko wapi."

"Labda kidole ndiyo barua," alisema Kamugisha.

Felicitas alijitahidi. Alieleza kwamba kutolewa ni sehemu ya mchezo, kwamba kila anayeingia mwishowe hutolewa, kwamba Jumamosi ijayo Cyprian ataingia tena. Mzee alimsikiliza kama unavyomsikiliza mfiwa. Mchana kutwa alikaa akimtazama Cyprian aliyekuwa chini ya turubai hana la kufanya. Ilipofika saa ya mapumziko na watu wote wakaacha mchezo ili wanywe chai, mzee alichangamka kidogo, akasema chai ile kuna watu waliipigania. Lakini akamwona Cyprian anachukua birika, anawamiminia chai walewale waliomshtaki, na anacheka nao. Hapo moyo ukamwishia kabisa.

*

Nyumbani mzee alimpa Cyprian pole. Akampa na kipande cha nyama kilichokuwa kwenye sahani yake mwenyewe, akamwambia ale, asijinyime, mambo haya humkuta yeyote.

"Baba, sijafukuzwa," alisema Cyprian. "Ni kawaida. Mie nimeshatolewagwa mara nyingi tu."

Felicitas alifumba macho. Mzee aliweka kijiko chini. "Mara nyingi?"

"Mara nyingi sana, baba. Wote tunatolewa."

"Basi hali ni mbaya kuliko nilivyodhani," alisema mzee, akaenda kunawa mikono.

Baadaye alimwita Kamugisha barazani. Felicitas alikuwa jikoni anaosha vyombo, na dirisha la jikoni liko palepale, kwa hiyo alisikia kila kitu. Baba yake alikuwa na shida ya kweli. Hawezi kumwoza binti yake kwa mtu aliyefukuzwa kazi. Hilo halina mjadala. Lakini pia hawezi kupanda basi kurudi Bukoba akamwacha mfanyakazi kaonewa namna ile, yeye aliyekuwa katibu wa tawi. Kwa hiyo njia ni moja. Cyprian arudishwe kazini kwanza. Akisharudishwa, ndipo yeye ataamua kama ile ni kazi.

"Sasa atarudishwaje?" aliuliza Kamugisha.

"Kama watu wanavyorudishwa siku zote. Wazee wanakwenda kwa mkubwa wake kumwombea radhi. Tangu lini mtu aliyekosana na bosi akajiendea mwenyewe?"

Felicitas alikausha mikono akatoka. Kama angemwita Cyprian wakati ule, hadithi ingeishia hapo. Ila alikuwa amechoka kueleza, na akaona kuna mtu mmoja tu anayeweza kumweleza baba yake mchezo huu akaelewa, naye ni mwalimu aliyewafundisha watu kwa maisha yake yote. Akasema Bi Hamida anakaa Buguruni, nyuma ya soko. Kamugisha akasema anamfahamu, ni mteja wake wa ndizi mzuzu. Felicitas alidhani wazee wanakwenda kuelimishwa. Hakuuliza watakwenda na nini mkononi.

*

Walikwenda na senene. Ndoo nzima, wale panzi wa kukaanga ambao mtu wa Bukoba akiwa mbali na kwao huwaota usingizini. Ndoo hiyo Revelian aliipakata safari nzima kutoka kwake, na ilikuwa ya wageni wa posa, iwapo posa ingekubaliwa. Kuitoa haikuwa rahisi. Kamugisha alijaribu kupendekeza wapunguze nusu, na mzee akamwambia radhi haipimwi kwa kopo.

Bi Hamida aliwakaribisha vizuri. Aliwatoa watu nje, akawakalisha wageni kwenye makochi, akaleta chai ya tangawizi na visheti, akauliza habari za Bukoba na hali ya mvua. Mzee Revelian alimaliza chai yake, akasimama, akavua kofia.

"Mwalimu, jana mtoto wetu alikukosea."

"Nani, Cyprian? Hakunikosea kitu, kaka yangu. Mpira ulimkuta mguu uko mbele ya vijiti. Nimemtoa."

"Mimi sikuja kubishana kuhusu mguu. Mguu ni wake, na aliuweka mahali pasipotakiwa. Nimekuja kumwombea radhi."

Bi Hamida alitaka kucheka. Kisha akamtazama mzee yule, kofia mkononi, koti lililopigwa pasi kwa ajili yake, na cheko lote likamwishia. Akaeleza mchezo taratibu, akachukua hata mwiko na limau akaonyesha. Wazee walitazama kwa heshima. Alipomaliza, mzee akauliza, "Kwa hiyo una kinyongo naye?"

"Sina kinyongo naye hata kidogo."

"Na Jumamosi atarudi kazini?"

"Jumamosi atacheza, ndiyo."

"Na kidole?"

"Kidole sikinyanyui pasipo sababu, kaka yangu. Sijawahi."

Mzee akashusha pumzi ndefu, akasema Mungu ambariki. Kamugisha akaleta ndoo. Bi Hamida aliiona, akajua ni kitu gani, na mikono yake ikapokea kabla kichwa hakijafikiri, mikono yote miwili, kama alivyofundishwa na mama yake. Mtu wa umri wa kaka yake mkubwa ametoka mbali na kitu chake, ataanzaje kumrudisha nacho mlangoni?

Walipoondoka alikaa na ile ndoo mbele yake mpaka adhana ya alasiri. Yeye ndiye anayewafundisha waamuzi wapya kanuni, na kanuni ya kwanza anayowafundisha ni kwamba kitu chochote kitakachotoka upande wa mchezaji, hata embe moja, kiripotiwe siku ileile. Alimpenda yule mzee, na aliona vibaya sana. Akaswali, akachukua simu, akampigia Bwana Allen, mwenyekiti wa kamati ya nidhamu ya klabu.

*

Jumatatu Cyprian alirudi kutoka mazoezini mapema, begi la vifaa begani. Hakusalimia. Alisimama katikati ya sebule mbele ya mzee, na Felicitas alipouona uso wake akajua.

"Baba, mmepeleka nini kwa Bi Hamida?"

"Radhi," alisema mzee. "Imepokelewa. Usiwe na wasiwasi, unarudi kazini."

"Mmempelekea mwamuzi ndoo ya senene kabla ya mechi ijayo. Unajua wanaitaje hiyo? Rushwa. Wanasema nimetuma wazee wamhonge mwamuzi. Keshokutwa naitwa kwenye kamati." "Jumamosi sikuwa nimefukuzwa, baba. Sasa ndiyo nafukuzwa. Umenimaliza."

Katika familia yake hakuna aliyewahi kumwambia Mzee Revelian neno kama lile. Alimtazama binti yake, na Felicitas, ambaye kila siku alikuwa mtu wa katikati, safari hii alikwenda akasimama upande wa Cyprian.

"Ni kweli baba. Na mie ndiye niliyewaelekeza nyumba."

Mitambo ya gesi ikanguruma. Mzee akauliza, kwa sauti ndogo, "Umeitwa kwenye kamati?"

"Ndiyo."

"Kuna mwenyekiti? Kuna wajumbe?"

"Wapo."

"Na utapewa nafasi ya kujieleza?"

"Nitapewa, baba. Kwa nini?"

Mzee alinyanyuka, akachukua koti lake msumarini, akalikung'uta vumbi. "Kwa hiyo utaratibu wanao," alisema. "Nitakutetea."

Cyprian aliingia chumbani akafunga mlango. Felicitas alimkuta amelala kifudifudi na viatu vyake, akakaa kando yake akamfungua kamba.

*

Kamati ilikaa kwenye ofisi ya klabu, Mikocheni, chumba kidogo chenye feni inayozunguka kwa kusita. Bwana Allen, mtu wa fedha kwenye kampuni ya magodoro, alikaa katikati na mjumbe mmoja kila upande. Bi Hamida alikaa ukutani, hakumtazama mtu, na Felicitas na Kamugisha walibanana mlangoni. Katikati ya meza, kwenye gazeti, palikuwa na ndoo, kifuniko kimefunguliwa ili kielelezo kionekane.

Mzee Revelian aliomba kusimama kama mtetezi. Bwana Allen alisema taratibu za kamati haziruhusu. Mzee akauliza kama zinakataza. Bwana Allen akapekua karatasi, akamtazama mjumbe wa kulia, akasema hazikatazi.

"Kwanza," alianza mzee, "mfanyakazi huyu aliumia kazini—"

"Mzee, samahani. Hapa hatuzungumzii kutolewa. Kutolewa ni jambo la kila siku. Tunazungumzia senene."

"Nakuja kwenye senene. Sisi tulipeleka radhi. Senene ni chombo tu cha kubebea. Wewe, mheshimiwa mwenyekiti, ukimkosea mtu mzima, radhi unaibeba na nini?"

"Mimi humwandikia barua pepe."

Mzee alimtazama kwa huruma. Mjumbe wa kulia, wakati huo, alinyoosha mkono akachukua senene mmoja, akasema anahakikisha kama kweli ndiyo wenyewe. Mjumbe wa kushoto akasema hilo haliwezi kuhakikishwa na mtu mmoja. Wakahakikisha pamoja. Bwana Allen hakuwaona, au aliamua kutowaona.

Bi Hamida alipoitwa alisimama wima. "Mzee huyu hakuniomba niamue uongo," alisema. "Aliomba radhi, kwa adabu, nami nilipokea kwa adabu. Lakini ndoo ilibaki kwangu, na kanuni haitofautishi ndoo ya adabu na ndoo ya hila. Ningenyamaza, kesho ningewaambia nini ninaowafundisha?" Akakaa, akajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

Bwana Allen alikohoa, akasogeza kiti. Hakuwa mtu mbaya. Alimhitaji Cyprian timuni na usiku uliopita hakulala akiitafuta njia. "Cyprian, nisikilize vizuri. Kanuni inasema mchezaji anawajibika kwa vitendo vya ndugu zake. Sasa wewe hujaoa. Posa haijajibiwa, au siyo? Kwa maana hiyo hawa wazee si wakwe zako. Ni wageni tu wa dada hapa. Sema hivyo, niandike, na Jumamosi unacheza. Hawa wazee ni ndugu zako?"

Felicitas alimtazama Cyprian, na moyoni alimwombea aseme hapana. Kamugisha alijiangalia viatu. Mzee Revelian, aliyekuwa bado amesimama, aliona vizuri mlango uliofunguliwa, akaona pia ni nani hasa aliyeufungua, maana ni yeye aliyekalia jibu la posa siku zote hizo. Akavua kofia.

"Huyu ni baba yangu," alisema Cyprian. "Na yule ni baba mdogo."

"Fikiri kwanza, kijana."

"Nimefikiri, bosi. Walikwenda kuniombea mie. Walikosea, lakini ni mie waliyeniombea. Siwezi kukaa hapa mbele yake nikasema simjui."

Bwana Allen alivua miwani, akaweka kalamu chini, akaichukua tena. Wajumbe walisogeleana wakanong'ona. Kisha akasoma, kwa sauti ya chini, kwamba kamati imemwona Cyprian na hatia ya kuwajibika kwa ndugu zake, na kwamba anasimamishwa kazi mpaka mwisho wa msimu, bila mshahara, na mwenzake yeyote wa timu asifanye naye mazoezi.

"Mheshimiwa mwenyekiti," alisema Mzee Revelian. "Naomba kurudiwa. Anasimamishwa nini?"

"Kazi, mzee."

"Kazi."

"Ndiyo. Kazi."

"Mtu asiye na kazi anaweza kusimamishwa kazi?"

Bwana Allen alifikiri. "Hawezi."

"Iandikwe hivyo," alisema mzee. Akavaa kofia yake, akamgeukia mdogo wake, na macho yake yalikuwa mekundu. "Kamugisha, umesikia. Wewe ni shahidi. Posa ya huyu kijana nimeikubali. Mwanamume ana kazi yake inayoeleweka, na juzi aliniambia nimemmaliza, na leo amekubali kumalizwa kwa ajili yangu. Mnataka nikague nini tena?"

Felicitas alilia palepale. Cyprian alibaki kwenye kiti mdomo wazi, amepoteza na amepata katika pumzi moja, hajui aanze na lipi. Kamugisha alichungulia kwenye ndoo, aone kama kimebaki cha wageni wa posa. Kilikuwa kimebaki kifuniko.

*

Asubuhi iliyofuata, giza halijaondoka vizuri, mlango wa chumba chao uligongwa.

"Amka," ilisema sauti ya mzee. "Umechelewa."

"Baba, nimesimamishwa," alisema Cyprian kutoka kitandani.

"Ndiyo maana. Mfanyakazi aliyesimamishwa haachi kuripoti. Ukiacha kuripoti watasema umetoroka kazi, na hapo hata mimi siwezi kukutetea."

Felicitas alianza kucheka ndani ya mto, na Cyprian, ambaye usiku kucha hakupata hata lepe, akajikuta anacheka naye mpaka kitanda kinalia. Wakaamka. Wakaenda wote, na mzee akabeba begi la vifaa mwenyewe, hakutaka kusaidiwa.

Kiwanda cha biskuti kilikuwa kimeshaanza kuoka. Mlinzi wa uwanja alisema amri imefika, hakuna mwenzake wa timu anayeruhusiwa kufanya naye mazoezi. Mzee akamuuliza kama amri inasema chochote kuhusu baba mkwe. Mlinzi akasema haisemi. Basi mzee akavua koti, akalikunja akaliweka kwenye nyasi, akachukua mpira. Aliupima uzito, akashangaa. "Kumbe ni mgumu hivi," alisema. "Na huu ndio uliokupiga?"

"Ndio huu, baba."

"Pole sana," alisema, na safari hii alijua anampa pole ya nini.

Cyprian alisimama mbele ya vijiti. Felicitas alisimama pale anaposimamaga Bi Hamida, kofia ya baba yake kichwani. Mzee alirudi nyuma, akajongea hatua za kizee, akarusha kama mtu anayetupa ganda la ndizi shambani. Mpira ukadunda mara mbili, ukapita chini ya kibao, ukagonga kijiti cha kati, nacho kikaanguka taratibu.

Cyprian alikitazama kijiti, hakuamini. Felicitas, kwa kuwa mchezo anaujua na haki ni haki, akanyanyua kidole.

"Shusha hicho kidole," alisema Mzee Revelian, akihema, huku akienda kuuokota mpira. "Huyu ana mke. Apewe onyo kwanza."

Akamrushia tena.